Moyo Unakula Kiasi Gani? Namna ya Kupima Kazi ya Moyo kwa Njia ya Joto



Katika namba hii sisi wa kundi la biolojia tunataka kujibu swali moja lililoleta mabishano mengi kati yetu. Siku ya soko tunawaona wamama wakipanda mlima na kitunga cha viazi mgongoni, kamba imepita juu ya kipaji, na saa ingine mtoto analala juu ya mzigo. Wamoja wanasema: "Wamezoea hao, mzigo hauwasumbui tena." Wengine wanajibu: "Hapana. Mwili unalipa, hata kama mdomo hausemi kitu." Nani anasema kweli?

Swali hili haliishi kwa kelele. Linaisha kwa kupima. Na wenye elimu walipotaka kujua mwili unalipa kiasi gani, na zaidi sana moyo, walianza na kitu ambacho kila mmoja wetu anakijua: joto. Tutaeleza polepole: kwanza joto, kisha msuli, kisha moyo wenyewe, na mwisho tutafanya hesabu ya mlima.

1. SABABU GANI JOTO?

Munajua babula. Ukitia makala kidogo, joto ni kidogo. Ukitia makala nyingi, joto ni nyingi. Basi mtu ambaye hakuona makala zikitiwa, lakini amepima joto lote lililotoka, anaweza kuhesabu ni makala ngapi zimeungua.

Mwili wetu ni vile vile. Bugali, maharagi na sombe tunazokula zinaungua ndani yetu polepole, bila moshi wala miali ya moto. Msuli unaofanya kazi unatoa nguvu ya chakula hicho kwa milango miwili: mlango wa kazi na mlango wa joto. Tukipima kazi, tukapima na joto, tukajumlisha, tumepata hesabu yote ya kitu kilichoungua. Ni ile kanuni ya fizikia tunayofundishwa: nguvu haipotei, inageuka sura tu.

Walioonyesha jambo hili kwa mnyama hai ni Lavoisier na Laplace, huko Paris, wakati wa baridi kali ya mwaka wa 1782 kuingia 1783. Walichukua dende, yule mnyama mdogo tunayemfuga hapa kwetu jikoni. Walimfungia ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Joto la dende likayeyusha barafu, maji yakashuka chini, nao wakayapima. Tena walipima hewa ya kaboni ambayo dende anaitoa kwa pumzi, wakailinganisha na hewa inayotoka kwa kaa la moto. Hesabu mbili zilikaribiana. Kumbe kupumua ni namna ya kuungua, na dende ni babula yenye miguu minne.

2. JOTO LA MSULI NI DOGO SANA

Lakini msuli peke yake hauwezi kupimwa kwa barafu. Ile termometri ya dispansari inaonyesha sehemu ya kumi ya digri. Msuli wa chura ukijikaza mara moja, joto lake linapanda paka sehemu chache za elfu za digri moja! Zaidi ya hiyo, termometri ni kubwa kuliko msuli wenyewe. Ingelikunywa joto lote mbele ya kulionyesha.

Msaada ulitoka kwa umeme. Katika mwaka wa 1821 Seebeck aliona hivi: ukichukua nyuzi mbili za madini yasiyofanana, ukaziunganisha kwa ncha zote mbili, na ncha moja ikawa na joto kuliko ingine, basi umeme kidogo unapita. Chombo hiki kinaitwa termokupli. Termokupli moja inatoa umeme mdogo sana. Ukizipanga nyingi, moja nyuma ya ingine kama mawe ya radio, umeme unaongezeka na unaweza kusomwa. Chombo hicho kinaitwa termopili.

Helmholtz, katika mwaka wa 1848, alionyesha kwa njia ya termokupli kwamba msuli wa chura unatoa joto unapojikaza. Kisha akaja Mwingereza A. V. Hill. Yeye alitumia miaka mingi ya maisha yake kulaza misuli ya chura juu ya termopili. Aliona kwamba joto linatoka mara mbili. La kwanza linatoka wakati msuli unajikaza na kulegea. La pili linatoka nyuma, dakika nyingi, wakati kwa macho msuli haufanyi kitu tena, na hili linataka oksijeni.

Maana yake ni nini? Ni kama mtu anayechukua chumvi na sabuni dukani kwa deni. Kwanza anatumia, kisha analipa. Msuli unafanya kazi kwanza kwa akiba yake, na wakati wa kupumzika unalipa deni kwa oksijeni. Ndiyo sababu nyuma ya kukimbia tunaendelea kuhema hata tukiwa tumekaa chini. Kwa kazi hii Hill alipewa zawadi ya Nobel ya mwaka wa 1922, pamoja na Mjerumani Otto Meyerhof.

Mwamerika mmoja aliyefanya kazi pamoja na Hill, jina lake Wallace Fenn, aliongeza jambo kubwa katika miaka ya 1923 na 1924. Alionyesha kwamba msuli unaoinua mzigo unaunguza zaidi kuliko msuli unaojikaza bila kusogea, na ile zaidi inakaribia kuwa sawa na kazi iliyofanyika. Msuli haufanani basi na mshumaa unaoungua kwa kadiri ile ile, ukiwa na kazi au bila kazi. Msuli unausikia mzigo, na unaongeza moto kwa kadiri ya mzigo. Tulishike neno hili, tutalihitaji.

3. MOYO UNALETA SHIDA ZAKE

Msuli wa mguu wa chura ni mrefu, unalala vizuri, na unapumzika ukiambiwa kupumzika. Moyo haukubali hayo. Nyuzi zake zinazunguka kama kamba ya mpira wa majani. Unapiga wakati wote. Na ukiwa ndani ya mwili, damu inapita ndani yake na kuchukua joto lake papo hapo.

Lakini ndani ya moyo kuna misuli midogo iliyosimama kama vidole. Kazi yake ni kushika kamba za milango ya moyo, ili milango isigeuke damu inaposukumwa. Wale waliokwisha kupasua moyo wa mbuzi pamoja na mwalimu wa biolojia wameiona. Nyuzi za vidole hivi zinakwenda upande mmoja, kwa hiyo zinaweza kuvutwa na kupimwa. Katika mwaka wa 1967, Gibbs, Mommaerts na Ricchiuti walitangaza vipimo vya joto la misuli kama hii iliyotolewa katika moyo wa sungura. Gibbs aliendelea na kazi hiyo miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Monash, Australia.

Leo, huko Auckland, Nyuzilandi, kuna wenye elimu wanaopima uzi mwembamba wa moyo wa panya kwa namna ingine. Wanauweka ndani ya bomba dogo linalopitisha maji yenye oksijeni na chakula. Wanapima joto la maji mbele ya kufika kwa msuli na nyuma ya kuupita. Ile tofauti ndogo, pamoja na kadiri ya maji yanayopita, inaonyesha joto la msuli. Mashini hiyo inauacha msuli ujikaze, ufupike, ulegee, urefuke tena, sawasawa na kazi yake ndani ya moyo. Walieleza mashini yao katika mwaka wa 2011.

Vipimo hivi vilionyesha kwamba matumizi ya moyo yana mafungu matatu:

(a) Fungu la kukaa hai. Moyo uliosimamishwa kwa dawa, usiopiga hata kidogo, ungali unatumia karibu sehemu moja kwa tano ya matumizi ya moyo unaopiga. Ni kodi ya nyumba: unalipa hata usipofanya biashara.

(b) Fungu la kuamsha msuli. Kila pigo la moyo linataka kalsiamu ifunguliwe ndani ya nyuzi, kisha irudishwe mahali pake. Kuirudisha kunaleta gharama, hata kama msuli haukuvuta kitu.

(c) Fungu la kuvuta. Hapa nyuzi za aktini na miozini zinashikana na kuvutana. Ndilo fungu linalosukuma damu.

4. HESABU YA MOYO WA MTU

Sasa tuingie katika hesabu. Moyo wa mtu mzima una uzito wa karibu gramu 300. Mtu akiwa amekaa kimya, moyo wake unapiga kama mara 70 kwa dakika. Zidisha kwa dakika 1440 za siku: ni zaidi ya mara 100,000 kila siku.

Hatuwezi kuweka termopili ndani ya moyo wa mtu mzima mwenye afya. Lakini tunajua kwamba kila lita moja ya oksijeni inayotumika mwilini inatoa karibu kilojuli 20. Basi tukijua oksijeni, tumejua na nguvu yote. Moyo wa mtu aliyepumzika unatumia karibu mililita 25 za oksijeni kwa dakika. Hii ni juli 500 kwa dakika, au wati 8 hivi. Mwili mzima unatumia karibu mililita 250. Kwa hiyo moyo, ambao hata hauko sehemu moja kwa mia ya uzito wa mwili, unakula sehemu moja kwa kumi ya chakula cha nyumba nzima.

Na kazi yake? Kusukuma lita 5 za damu kwa dakika kunataka kidogo tu zaidi ya wati 1. Zile zingine zote, karibu wati 7, zinatoka kama joto. Tusiseme kwamba moyo ni mvivu. Mashini zinazochoma kitu ili zifanye kazi zinatoa joto jingi. Hata lori la soko, ukigusa mashini yake nyuma ya kupanda mlima, utaunguzwa. Na joto lile halitupwi bure, linasaidia mwili wetu katika baridi ya usiku wa Masisi.

Tena moyo hauwezi kula kwa deni kama msuli wa mguu. Mguu unaweza kukimbia sasa na kulipa kesho kidogo. Moyo hauna siku ya kupumzika ya kulipia, na akiba yake inatosha sekunde chache tu. Unapashwa kulipa palepale, pigo kwa pigo. Hii ndiyo sababu mshipa unaoleta damu kwa msuli wa moyo ukizibika, maisha yako hatarini papo hapo.

5. KUSUKUMA SANA AU KUSUKUMA KWA NGUVU?

Hapa iko jambo ambalo lilitushangaza. Moyo unaweza kuongezewa kazi kwa njia mbili. Ya kwanza, kusukuma damu nyingi zaidi. Ya pili, kusukuma damu ile ile kupita katika mishipa iliyokaza, yaani kushindana na tansio kubwa. Kwa hesabu ya fizikia, kuongeza damu mara mbili au kuongeza tansio mara mbili ni kazi sawa. Je, kwa moyo ni sawa?

Hapana. Huko London, katika mwaka wa 1915, Evans na Matsuoka walipima oksijeni ya moyo wa mnyama katika hali hizi mbili. Waliona kwamba kuongeza tansio kunamaliza oksijeni zaidi kuliko kuongeza kadiri ya damu. Vipimo vya joto vilivyokuja nyuma vinatuonyesha sababu: msuli unalipa kwa kukaza, si kwa kusogea peke yake. Shika ndoo ya maji mbele yako, mkono umenyooshwa, usisogee. Kwa fizikia kazi yako ni sifuri. Lakini mkono utakuambia hesabu ingine!

Basi mtu mwenye tansio ya 16 kwa 10 ana moyo unaonyoosha mkono na ndoo usiku na mchana, hata akiwa kitandani. Haumwi. Anasema yeye ni mzima. Lakini gharama inalipwa mara 100,000 kila siku, mpaka kuta za moyo zinanenepa, na mwisho moyo unachoka.

6. TURUDIE MLIMA

Je, wamama wenye mizigo? Hapa tunayo habari kutoka karibu na kwetu, kutoka Nairobi. Katika mwaka wa 1986, Mkenya G. M. O. Maloiy, pamoja na Heglund, Prager, Cavagna na Taylor, walitangaza vipimo vya wamama Waluo, wanaobeba juu ya utosi, na wamama Wakikuyu, wanaobeba mgongoni kwa kamba ya kichwa, kama wamama wetu. Wamama hao walitembea juu ya mashini yenye mkanda unaozunguka chini ya miguu, na oksijeni waliyoitumia ikapimwa.

Matokeo yalishangaza dunia. Mzigo wa mpaka sehemu moja kwa tano ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya oksijeni hata kidogo! Kupita hapo, matumizi yakaanza kupanda pamoja na mzigo. Katika mwaka wa 1995 Heglund na wenzake walieleza sababu: wamama waliozoea tangu utoto wanatembea kama uzito wa saa ya ukutani unaokwenda na kurudi, na kila hatua inaazima nguvu kwa hatua iliyotangulia.

Basi wale wanaosema "wamezoea" wameshinda? Ngojeni kwanza. Mama wa kilo 55 anabeba bila malipo kilo 11. Lakini gunia la viazi si kilo 11. Tena kipimo cha Nairobi kilifanywa pahali tambarare, na kwetu tambarare iko wapi?

Tufanye hesabu pamoja. Kilo 50 zinapanda meta 300. Kazi ni 50 × 9.8 × 300, yaani juli 147,000. Msuli unatoa kama kazi karibu robo tu ya kitu unachounguza. Basi unapashwa kuunguza karibu kilojuli 590. Gawanya kwa 20: ni lita 29 za oksijeni, ambazo mtu aliyekaa anazitumia kwa muda wa karibu saa mbili. Kama kila lita ya damu inawaachia misuli mililita 150 za oksijeni, moyo unapashwa kusukuma karibu lita 200 za damu zaidi. Ni pipa nzima! Na hiyo ni kwa ajili ya gunia peke yake. Mwili wa mama, mtoto na njia yenyewe hatujavihesabu. Ongeza tena kwamba mtu anayejikaza chini ya mzigo mzito tansio yake inapanda, na tumeona kwamba kwa moyo tansio ndiyo bei kali zaidi.

Kuzoea ni kweli, lakini kuna mpaka. Zoezi linafundisha mwili kutembea kwa akili. Haliwezi kufuta uzito wa mlima. Habari hii ni vile vile kwa vijana wanaobeba magunia katika mashimo ya Rubaya. Chukudu ilipobuniwa kwetu, mtu alikuwa amefahamu jambo hili bila termopili.

7. MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, kwa nyumba zetu: mzigo wa kilo 50 ukigawanywa kati ya mama na vijana wake watatu, kila mmoja anakaribia kile kipimo cha Nairobi. Likizo inakuja, wanafunzi wanaume wasijifiche nyuma ya neno "wamezoea".

Pili, mwenye mzee nyumbani amsindikize kituo cha afya kupima tansio. Ikipatikana mara kwa mara 14 kwa 9 au kupita, asikilize munganga, asingoje maumivu.

Tatu, kwa sisi wenyewe. Hatuna termopili, lakini vidole na saa tunavyo. Hesabu mapigo ya mkono kwa dakika moja ukiwa umekaa. Panda kilima na mikono mitupu, hesabu tena mara moja. Pumzika dakika kumi na tano. Panda kilima kile kile kwa mwendo ule ule na kitunga cha kilo 10, hesabu mara ya tatu. Mwenye ugonjwa wa moyo au anemia asifanye, awe mwandishi wa hesabu. Andikeni namba tatu kwenye karatasi pamoja na uzito wenu, muzilete kwa kundi la biolojia mbele ya siku ya ijumaa. Tutazipanga klasi kwa klasi, na katika namba ijayo kila mtu ataona kilima kinadai nini kwa moyo wake.

Kundi la biolojia